Mkia wa Kitabu cha Mkemia

4 Machi

Mdogo wangu Kiherehere,

Natumaini hujambo, na kwamba Mama Vitabu bado hajakufukuza hapo kibandani kwake. Mimi mzima wa mwili tu. Roho inachemka.

Kazi yangu hapa kiwandani unaijua. Rangi ikishatengenezwa, mimi ndiye ninayeipima, na bila sahihi yangu kopo halitoki getini. Juzi nilipima rangi mpya ya njano, ile wanayotaka kuwauzia maseremala wa vitanda vya watoto wachanga. Ina risasi, ile metali yenye sumu, na si chembe iliyoponyoka kwa bahati mbaya. Ni nyingi, ya kumharibu mtoto. Na mtoto anayeota meno anatafuna nini? Ukingo wa kitanda.

Nimekataa kutia sahihi. Nimemwomba meneja aje maabara aone mwenyewe, hakuja. Wala hakunifukuza. Kanitoa kwenye mizani, kaniweka kuosha chupa, na kila asubuhi nakuta cheti cha rangi ile mezani kwangu, kalamu imelazwa juu yake. Wenzangu wananipita kama nina upele.

Sasa nisaidie. Hapo mnapokea magunia ya vitabu vya kila namna. Nitafutie vya maisha ya wakemia. Vya kanuni ninavyo, sivitaki. Nataka watu: waligombana na nani, waliunguza nini, waliambiwa watie sahihi gani na wakafanyaje. Na kiwe cha kufurahisha. Kwa hasira niliyonayo, kitabu cha kuchosha nitakichemshia chai.

Dada yako,
Muosha chupa

11 Machi

Kwa Mkemia Mkuu wa ukoo mzima,

Shikamoo dada. Umepiga hodi mlango wenyewe. Mji huu una maprofesa, una wakutubi, una walimu wanaovaa miwani juu ya miwani, lakini kitabu kikiwashinda wanamfuata nani? Wananifuata mimi, niliyeaga shule kidato cha pili, na shule ikashusha pumzi.

Huyo meneja wako nimemchukia kabla sijamwona. Mwambie una mdogo wako mwenye mikono kama mitarimbo, akija huko atamtia kwenye kopo lake mwenyewe na kulifunga kifuniko. (Mikono yangu si mitarimbo, lakini yeye atajuaje?)

Nimemuuliza Mama Vitabu kama tuna maisha ya wakemia. Akasema, "Wakemia wana maisha?" Nikamjibu dada yangu anayo. Basi nimezama gunia moja baada ya jingine, nimetoka na vumbi puani na hiki ninachokutumia kwa basi. Ni kinene kama tofali la msingi. Jaladani kuna mzee mwenye ndevu, na nishani imening'inia kifuani utadhani kengele ya mbuzi. Mtu kama huyo hawezi kuwa na maisha ya kuchosha. Nimekisoma chote, kinachekesha sana, hasa pale katikati.

Mdogo wako, Msomi wa Magunia,
Kiherehere

19 Machi

Kiherehere,

Marahaba. Wewe hukukisoma. Usibishe. Ungekisoma ungekuwa bado umelala juu yake.

Kitabu hicho kimeandikwa na mwanafunzi wa huyo mzee, na kazi yake yote ni kumpangusa vumbi. Mzee tangu utotoni hajavunja hata chupa moja. Hajakosea kipimo. Hajapata mafua. Mkewe anatokea mara tatu, na mara zote amebeba bakuli la supu. Halafu sura ya tisa, kwa bahati mbaya tu, mwandishi anaponyoka kusema kwamba vipimo vyote vilivyompa mzee nishani viliandikwa kwa "mwandiko mzuri wa kike". Nani huyo? Yule wa supu. Nilikitupa ukutani, jirani akagonga kuuliza kama nimeanguka.

Huku mambo yamekaza. Meneja ameleta kijana aliyemaliza chuo juzi, nimfundishe kazi yangu. Kijana mwenyewe anaona aibu, ananiita mama. Makopo ya rangi ya njano yamejaa ghala mpaka mlangoni, na cheti bado kinanisubiri kila asubuhi. Meneja amebadilisha kalamu. Sasa ananiwekea ya wino wa bluu, labda anadhani tatizo langu lilikuwa rangi ya wino.

Nitafutie mtu wa kweli. Mtu aliyekosea, aliyecheka, aliyebanwa kama ninavyobanwa mimi. Nahitaji kujua alifanyaje. Sikutanii. Nachoka, mdogo wangu, na mtu akichoka mkono unaenda wenyewe kwenye kalamu.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekasirika na ninataka ujue. Natoka na magunia kichwani, napiga chafya mpaka mbavu zinacheza, halafu naitwa mwongo. Sawa, sikukisoma. Nilisoma jalada, tena mbele na nyuma. Wateja wangu wengi hawafiki hata nyuma.

Lakini sasa kaa chini. Jana chini kabisa ya gunia, chini ya vitabu vya mapishi, nimekuta kimoja hakina jalada, hakina jina, kimekunjika kama kimekaliwa na tembo. Nikafungua ili nijue nikiweke fungu gani. Dada, nikasoma nimesimama. Mteja akaniita, sikusikia. Akaita tena, nikamwambia angoje, mwanamke ana nywele za kijani hapa.

Ni mkemia, anajiandika mwenyewe. Alikuwa kiwanda cha kutia nguo rangi. Alikuwa anabishana na fundi mkuu kwamba kijani chake hakidhuru, na ili kumkomesha akakitia kwenye nywele zake mwenyewe. Hakikudhuru. Ila hakikutoka, na ilikuwa wiki ya harusi yake. Mama mkwe alipomwona akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza. Halafu kuna pale gesi ya pipa inampiga usoni, anapoteza kabisa uwezo wa kunusa, na jambo la kwanza analofurahia ni kwamba sasa anaweza kukaa meza moja na shemeji yake anayevaa soksi mwezi mzima.

Na kabanwa, kama ulivyoagiza. Bosi wake anamtaka atie sahihi kwamba maji ya mapipa hayaharibu mikono ya wafanyakazi, na mikono inabambuka anaiona. Anakataa. Sikuendelea, Mama Vitabu alinipokonya, akasema hapa ni dukani si darasani. Lakini nimekitengeneza vizuri, kimeshiba, mwanzo mpaka mwisho. Ukikitupa hiki ukutani, mimi na wewe basi.

Aliyesingiziwa uongo (kidogo),
Kiherehere

10 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba. Nakuomba radhi. Nimecheka mpaka jirani kagonga tena.

Nimekisoma mara mbili. Huyu mwanamke ni mimi kabisa, isipokuwa nywele. Vile anavyomwelezea bosi wake anavyokohoa kabla ya kusema uongo, nilidhani anamsema meneja wetu. Vile wenzake walivyoacha kumsalimia. Nilikuwa nasoma huku nikimwambia, "Kaza, dada, kaza."

Kwa hiyo ule mwisho ulinishtua. Nilitegemea ataondoka kwa kishindo. Kumbe hapana. Sura ya mwisho ni mzee, amekalia kiti cha bosi, maabara yote ni yake, anaandika: "Nilijifunza kuinama ili nipite mlangoni. Nilitia sahihi nilichopewa, nikangoja, na nilipokikalia kiti kikubwa niliyarekebisha yote kwa mkono wangu." Ametulia kabisa. Ana mwenzake wa ndoa anammiminia chai, nadhani aliolewa tena baada ya yule wa kwanza kufa. Kila asubuhi anapita kunusa chupa mpya. Pua yake ilipona, hakueleza vipi.

Niliufikiria mwisho huo kwa muda mrefu. Mtu mwenye akili kama zile, mkali kama yule, aliona njia nisiyoiona mimi. Nikifukuzwa, anayebaki ni yule kijana anayeniita mama, naye atatia sahihi chochote. Nikibaki ndani, nitabadilisha rangi inayofuata.

Jana nimetia sahihi. Meneja kanipa mkono, kanirudisha kwenye mizani. Usingizi haujaja vizuri bado, lakini utakuja.

Asante kwa kitabu. Umenisaidia kuliko unavyojua.

Dada yako

17 Aprili

Kwa dada yangu, mnyenyekevu wa kuomba radhi,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Mama Vitabu pale unaponisifia, nikarudia, nikamsomea tena. Hongera kwa kurudishiwa mizani yako.

Lakini hujajua bado una mdogo wa namna gani. Umeusifu mwisho? Umekushtua? Dada, mwisho ule ni kazi ya mikono yangu.

Ngoja nikufundishe biashara. Kitabu kisicho na mwisho hakinunuliwi. Mteja anakishika, anafungua nyuma, anaona kimekatika, anakirudisha. Sasa Mama Vitabu ana boksi chini ya meza, tunaliita boksi la mikia. Vitabu vilivyopoteza vichwa, tunahifadhi mikia yake. Kikija chenye kichwa bila mkia, unatafuta mkia unaofanana: karatasi iwe saizi moja, umanjano wake ulingane, herufi zisipishane sana. Unapaka gundi ya unga, unabana chini ya jiwe, basi. Watu wananunua, wanafurahi, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Wengine wanaunga ovyo. Nimeshaona hadithi ya mapenzi inamalizikia kwenye ufugaji wa kuku. Mimi siyo wao. Kichwa cha yule mama wa nywele za kijani kilikatikia pabaya, ukurasa wa mwisho ulikuwa nusu na una doa la mafuta, nikaunyofoa. Nikapekua boksi zima nikapata mkia wa mkemia mwenzake, mzee mmoja wa kiwanda cha manukato. Mkemia kwa mkemia. Na wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu hukuuona mshono.

Nani msomi sasa?

Fundi Mikia,
Kiherehere

23 Aprili

Wewe,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido ya maabara, na kijana akaniuliza kama kuna msiba.

Mzee wa kiwanda cha manukato. Niliyemfuata ni mzee wa kiwanda cha manukato. Hakuwahi kuona mkono uliobambuka hata mmoja. Aliyeinama apite mlangoni ni yeye, mlango wake ulikuwa wa marashi, na mimi nikainama naye nikidhani nashikwa mkono na mwanamke aliyekataa.

Ulisoma barua yangu? Au ulisoma sifa zako ukaiweka chini? Nilikuandikia nimetia sahihi. Ukanijibu hongera kwa mizani.

Makopo yametoka Jumatatu. Malori mawili. Sahihi yangu imechapishwa kwenye kila kopo chini ya neno SALAMA. Imetoka vizuri sana, hata nukta yake inaonekana.

Nimekirudia kile kitabu, safari hii kama mpimaji. Mwanamke asiyeweza kunusa, kurasa chache mbele anapima manukato kwa pua. Mume alishazikwa, na bado mwenza wa ndoa anamimina chai. Maabara iliyokuwa kando ya mto imepanda ghorofani. Yote niliyaona. Nikayatafutia sababu moja moja, mimi ninayelipwa kwa kutokubali kitu mpaka nikipime.

Wewe unauza watu waliokufa kwa kuwabandika midomo ya wengine, halafu unajiita fundi. Usiniandikie tena.

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua umesema nisikuandikie. Rarua ukitaka, ila rarua ukishasoma.

Kosa la mkia ni langu. Barua yako nilisoma nilivyozoea kusoma, nikadandia pale palipo na jina langu. Nimeisoma tena yote juzi na nikakaa chini kwenye magunia, Mama Vitabu akadhani naumwa tumbo. Nimemwambia sitaunga tena. Akasema basi tutakula nini, nikamwambia atajua yeye, na hatusemeshani tangu hapo.

Sasa sikia na langu, maana na mimi nimekasirika, na heshima yako iko palepale wewe ni mkubwa wangu. Gundi yangu haikushika kalamu. Nilikutumia kitabu ucheke. Hukuniambia kwamba unatafuta mtu wa kukuamulia. Ungeniambia, ningekujibu bila gundi: dada, usitie. Hata mimi niliyefukuzwa na hesabu za sehemu nalijua hilo. Lakini jibu la Kiherehere halina uzito kwako. Ulitaka litoke kwa mtu aliyekufa, mwenye sura na kurasa. Meneja alikuwekea kalamu kila siku ukaikataa. Akaja babu wa marashi aliyeandika vizuri, ukainama. Hiyo yako, dada. Usinibebeshe.

Na ule ukurasa nusu nilioutupa. Nakumbuka ulichosema, kwa sababu niliusoma huku naunyofoa. Yule mama wa nywele za kijani anaandika kwamba alivaa viatu, akachota maji ya pipa kwenye chupa, akatoka nje kwa wafanyakazi, akawaambia. Hapo ndipo palipochanika. Aliwaambia nini sijui. Nimepekua takataka, nimepekua boksi, haupo.

Ila alitoka nje, dada. Hicho nimekisoma kwa macho yangu, hakuna gundi hapo.

Makopo yako wapi sasa? Yameuzwa kwa nani? Au utaendelea kunikasirikia mimi kwa sababu mimi niko mbali na ni rahisi?

Mdogo wako

7 Mei

Kiherehere,

Bado nina hasira na wewe. Hilo liwe wazi kabla ya mengine.

Nilipata barua yako, nikairarua, nikaiokota. Kesho yake sikuingia kazini. Dereva wa lori alinionyesha mitaa aliyoshusha makopo, nikaanza kupita kwa maseremala, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliniuliza, "Wewe ni nani wa kuniambia rangi mbaya, na kopo limeandikwa salama?" Nikamwambia aliyeandika ni mimi. Akalitazama kopo, akanitazama mimi. Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unadanganya siku ile au unadanganya leo?"

Nikamwambia siku ile.

Akafunga kopo. Wa pili alinifukuza na randa mkononi, ana oda, hana muda wa wanawake wanaobadilisha mawazo. Wa tatu alishauza kitanda. Akanipeleka nyumbani kwa aliyekinunua, chumba kimoja, mama kijana anakunja nguo, na mtoto amesimama ndani ya kitanda cha njano, ameushika ukingo kwa mikono miwili, anautafuna. Ufizi wake ulikuwa na unga wa njano.

Nimepima risasi miaka mingi. Sikuwahi kuiona mdomoni mwa mtu.

Nilimtoa mtoto, nikamnawisha kinywa na mikono, nikamwambia mama ampeleke hospitali apimwe damu leo hii, na aseme neno risasi, asikubali kurudishwa na dawa ya kuharisha. Akauliza kama akikwangue kitanda. Nikamwambia asiguse, vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. "Sasa nikifanye nini?" Nikakifunika shuka kuukuu, nikakibeba kichwani.

Nimekibeba mpaka getini kiwandani. Watu walikuwa wanapisha njia wakidhani nahama. Nimekiweka katikati ya geti, mbele ya gari la meneja lililokuwa linatoka. Akapiga honi. Sikusogea. Akashusha kioo, akakohoa, akanionyesha karatasi, "Hii si sahihi yako?" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika kantini kwamba ni yangu, na kwamba ni ya uongo, na kwamba amwambie yule kijana alete mizani hapahapa nje, nipime mbele ya kila mtu. Kijana alitoka, kabeba mizani kifuani kama mtoto mchanga. Meneja akafunga kioo.

Nimeshafukuzwa, barua waliniletea mezani, yaani kitandani, maana ndipo nilipoegemea. Leo ni siku ya pili. Geti likifungwa naondoka, likifunguliwa nipo. Gari lake linapita mlango wa nyuma wa taka. Yule mama wa nywele za kijani alisema nini hatutajua, na nimeacha kumtafuta.

Naishia hapa. Yule seremala wa randa anakuja barabarani, kabeba kitanda kichwani, na nyuma yake wapo wengine wawili. Sijui wamekuja kunipiga au kukaa. Uso wake haujachangamka.

Dada yako

11 Mei

Kwa Meneja wa kiwanda cha rangi,

Sikuamkii. Mimi ni mdogo wake yule mpimaji aliyekaa getini kwako. Hunijui, ila mimi nakujua mpaka kikohozi chako.

Dereva wa basi linaloleta barua zetu ameniambia vitanda walivyoleta maseremala sasa vimejaa mpaka barabara kuu, na wewe umeita watu wa kuviondoa. Kwa hiyo naandika haraka, mwandiko utanisamehe, shule sikumaliza.

Naja kesho kwa basi hilohilo. Mikono yangu ni kama mitarimbo. Watu wako wakiondoa kitanda kimoja, nitakirudisha, na wakikichoma watajua wenyewe na mapafu yao, dada atawaeleza, mimi maneno yale yananishinda.

Honi piga tu, haitudhuru. Lakini nasikia hata ule mlango wa taka umeshazibwa. Basi gari liache, shuka utembee. Utapita ubavuni mwa kile kitanda cha kwanza, cha njano, chenye alama za meno ukingoni. Usigeuze uso. Hicho ndicho dada yangu alichokuomba kule maabara tangu mwanzo, uje uone mwenyewe.

Kiherehere